Kona ya Pili

Habari za jioni, akina mama na dada zangu wa Nkoma, hapa Mbale. Mama mwenyekiti ameninong'oneza hapa kwamba nitoe ushuhuda wangu kwa ufupi na nimalizie kwa furaha. Kwa ufupi nitajaribu. Hilo la pili mtaamua wenyewe. Majina sitataja, maana wengine ni majirani na wengine wamo humu ndani, na nikimtaja mtu leo, kesho sokoni hatutasalimiana.

Mnanijua. Ni yule binti wa mama Mkenya anayeuza mitumba, aliyekwenda Jinja kusomea ualimu akarudi nyumbani bila meno ya mbele. Najua ndivyo mnavyonitambulisha kwa wageni, nimeshawasikia kwa masikio yangu. Basi leo isikieni habari hii kwa mwenyewe, muache kuuliza.

Pale chuoni kuna timu ya wasichana ya mpira wa magongo. Si gofu, ndugu zangu, nimechoka kusema si gofu. Wala si ule wa kwenye barafu mnaouona kwenye televisheni. Ni uwanja wa nyasi, wasichana kumi na mmoja kila upande, kila mmoja na gongo lililopinda ncha, na mpira mdogo mgumu kama jiwe. Nyasi zetu nazo tunagawana na ng'ombe wa watu. Wanalisha asubuhi, sisi tunacheza jioni, na mvua ikinyesha uwanja mzima unabaki mashimo ya kwato. Tumelalamika mpaka tumenyamaza.

Kocha wetu ni mzee aliyestaafu jeshini. Tunamwita Afande. Kiswahili chake ni kile cha kambini, ambacho wenzangu Wasoga na Waganda wakikisikia wanasimama wima hata kama anaomba chumvi, maana kwao Kiswahili ni lugha ya askari. Mimi sikukiogopa kwa sababu nimekulia Kiswahili, na kipa wetu pia hakukiogopa. Huyo kipa ni binti wa Kiislamu wa hapahapa Mbale, na chini ya ile kofia yake kubwa ya kujikinga anavaa hijabu. Ndiye rafiki yangu, na ndiye mtu mwenye mdomo mkali kuliko wote niliowahi kuishi nao bweni moja.

Sasa kuna kitu kinaitwa kona ya adhabu. Nisipokieleza hamtaelewa kilichonipata. Mkikosea karibu na goli lenu, wapinzani wanapewa mpira. Ninyi mnaolinda mnabaki watano tu, kipa wenu akiwemo, mmesimama nyuma ya mstari wa goli, wengine wote wanafukuzwa kwenda katikati ya uwanja. Mpira ukianza kusogea tu, mmoja wenu anachomoka mbio kumwendea yule anayetaka kupiga. Anamwendea usoni, amfikie kabla hajapiga, au angalau amzibe njia. Huyo sisi tunamwita mtokaji. Mtokaji nilikuwa mimi. Afande alisema nina mbio na sina akili nyingi za kuogopa, nami kwa ujinga wangu nikaona nimesifiwa.

Siku ya mkasa tulikuwa mazoezini tu, wenyewe kwa wenyewe. Kona ikapigwa, nikachomoka vizuri. Nilipofika nusu ya njia nikaona gongo limeinuliwa, na miguu ikafunga breki yenyewe. Mpira ukadunda kwenye shimo la kwato, ukapanda. Maumivu sikuyasikia papo hapo. Nilisikia vitu vigumu mdomoni, nikavitema mkononi, na hapo nikaona ni meno yangu.

Afande alinipandisha bodaboda akakaa nyuma yangu kunishikilia, damu ikamwagikia mikono yake, hadi kwa daktari wa meno pale mtaa wa Nalufenya. Njia nzima alisema neno moja tu: "Pumua." Daktari akanishona mdomo, akasema meno hayarudi.

Mama akafika kesho yake kwa basi la asubuhi. Ndugu zangu, nawaambia, mpira ulinipiga mara moja, lakini maneno ya watu yalinipiga wiki baada ya wiki. Mama alianza hapohapo, nikiwa bado kitandani, akauliza ni nani aliyenituma kwenda mbele, kwani wenzangu wenye akili hawakuwa nyuma. Akanirudisha hapa Nkoma. Mkaanza kuja, mmoja mmoja, wawili wawili. Nawashukuru kwa kuja, msinielewe vibaya. Lakini mmoja wenu aliniuliza sasa nani ataoa pengo, na wakati huo nilikuwa bado nina nyuzi mdomoni. Wengine waliniombea nitolewe roho ya kushindana na wanaume, na uwanjani hapakuwa na mwanamume isipokuwa Afande na filimbi yake. Shangazi yangu akaja kutoka Busiu na mzigo wa mahindi mabichi ya kuchemsha. Mahindi, kwa mtu asiye na meno ya mbele. Akakaa kitako akinitazama, akiuliza mbona sili.

Na kila aliyeaga alinipa ushauri uleule: ukipona, kaa nyuma, mwanangu. Usijitokeze. Waache wenye haraka.

Nikaukubali. Nikakaa nyuma kwa kila kitu. Nikaacha kusema. Dukani nilinyoosha kidole tu, na mezani nilingoja mtu agundue mwenyewe kwamba nataka maji. Mkono ukawa mdomoni saa zote. Nasema wazi, niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayokufanya utamani wageni waondoke kabla hawajaketi. Na wenzangu wakati huo walikuwa wanajiandaa kwenda mashuleni kufanya mazoezi ya kufundisha. Chuo kikaniuliza kama nitakwenda, nami nikajibu naumwa. Nilikuwa nimeshapona. Lakini mwalimu gani anafundisha amefunika mdomo? Moyoni nilikuwa nimeshaamua ualimu basi, nitamsaidia mama kukunja mitumba, kazi isiyohitaji meno.

Aliyenirudisha Jinja ni mama mwenyewe, tena kwa kunichoka. Alisema nyumba yenye mtu asiyesema inamtia wazimu. Tukapitia kwa yule daktari wa Nalufenya, akanitengenezea meno ya bandia, haya mnayoyaona, ya kuvaa na kuvua. Mama akaniruhusu kusoma tu. Uwanjani nisionekane.

Nikaenda uwanjani kurudisha jezi. Afande hakuipokea. Aliitazama, akanitazama mimi, akasema, "Rudisha hapana. Vaa."

Nikavaa. Ni kwa sababu nilikuwa nimewakosa wenzangu, si kwa ushujaa wowote. Meno nikayafunga kwenye kitambaa, nikayaficha kwenye begi. Kila ilipopigwa kona nilichomoka, nikafika nusu ya njia, nikasimama. Kila mara palepale. Miguu ilipajua mahali pale kuliko mimi. Mpira ukanipita kulia, ukanipita kushoto, goli likaingia, nami nikaona nafuu kwamba haukunigusa. Afande aliendelea kupuliza filimbi yake. Kipa ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Jioni moja alivua ile kofia yake, akaitupa kwenye nyasi, akanijia jasho likimtiririka.

"Unajua mimi nakuona kutoka nyuma?" akasema. "Siku ile nilikuona. Hukupigwa kwa sababu ulitoka. Ulipigwa kwa sababu ulisimama."

Nikamwambia hajui anachosema, kwamba aliyevunjwa mdomo ni mimi. Akanivuta mkono hadi mahali pale pa katikati, akaweka mpira pale anaposimama mpigaji, akaanza kunionyesha kwa kidole. Ukimfikia mpigaji, mpira bado uko chini, utakupiga gongo au ugoko. Ukibaki golini, unapata nafasi ya kuuona. Lakini hapa katikati mpira umeshagonga mashimo, umeshapanda, na umekuja usawa wa mdomo. Pale nilipopaona pa usalama ndipo pa kuvunjika meno. Kisha akaniambia jambo lililoniuma zaidi: nikisimama pale namziba macho, na mpira anauona umeshafika. Akasema kama siwezi kutoka hadi mwisho, basi nisitoke kabisa, atafute mwingine.

Nililala na hasira. Hasira kwake, kwa ng'ombe, kwa shangazi, kwenu nyote. Watu wote wale na ushauri wao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuona uwanja. Huyu aliyekuwa nyuma yangu wakati ule ndiye aliyeniambia ukweli, na ndiye niliyetaka kumpiga.

Baadaye tukaja kucheza hapa Mbale. Mama akasikia, habari za mji huu hazina mlango. Akaja uwanjani na leso yake mabegani na uso umekunjwa, akasimama pembeni. Nikaona tayari ameshaniona na jezi, nikaona kujificha kumekwisha. Nikavua meno mbele yake, nikamkabidhi. Mama yangu akayafunga kwenye ncha ya leso, akaniambia kwa sauti ya chini nikiumia tena nisimwite.

Karibu na mwisho wakapata kona. Nikasimama nyuma ya mstari, kipa pembeni yangu anapumua ndani ya kofia. Mpira ukasogea. Nikachomoka. Nilipofika pale mahali, miguu ikataka kusimama, naapa, nikaisikia ikitaka. Na kutoka pembeni nikasikia sauti ya mwanamke inapasuka: "Toka, mwanangu! Toka!" Alikuwa mama. Mama huyuhuyu wa 'kaa nyuma'.

Nikapita pale. Nikamfikia yule msichana gongo lake linashuka, na mpira ukanipiga ugoko, chini kabisa, kama kipa alivyosema. Mpira haukwenda golini. Nikaanguka, nikainuka, nikacheka na pengo langu wazi. Wenzangu wakanikumbatia. Mnaona? Hapa ndipo ushuhuda hukomea. Hapa mngeniimbia, nikakaa.

Refa akapuliza filimbi, akanyoosha mkono. Kona tena.

Ndiyo sheria ya mchezo huu, ndugu zangu, msinilaumu mimi. Mtokaji akipigwa mguuni karibu na mpigaji, kosa ni lake, na kona inarudiwa. Nimejitoa, nimeumia, nimezuia goli, na malipo yake ni kurudi nyuma ya mstari kuanza upya. Nilitamani kumpiga refa na gongo. Nikamtazama Afande, nikidhani atanibadilisha. Ugoko ulikuwa umeshavimba, alikuwa anauona. Akasema tu, "Tena."

Mara ya kwanza nilitoka kwa hasira na kwa sauti ya mama yangu. Mara ya pili hasira ilikuwa imeisha. Mama alikuwa amejifunika uso na leso. Hapakuwa na kitu cha kunisukuma ila mguu unaouma na kujua vizuri kabisa kitakachonipata. Nikatoka. Nilitoka nachechemea, lakini nilifika. Mpira ukagonga gongo langu, ukaenda nje.

Tulifungwa hata hivyo. Kulikuwa na goli la kipindi cha kwanza lisilonihusu. Mwenyekiti, samahani, ndiyo hivyo.

Chuo kiliponiuliza tena, nikaenda kufanya mazoezi ya kufundisha, tena shule ya kule Busiu, karibu na shangazi. Siku ya kwanza nilifundisha vizuri, nikarudi naimba. Siku ya pili nikatamka "sita," meno yakacheza, ikatoka filimbi badala ya neno, na darasa la nne lote likaanguka kicheko. Mkono ukapanda kuelekea mdomoni wenyewe. Nikaushusha. Nikayabana meno kwa ulimi, nikasema sita tena, nikaendelea na hesabu. Walicheka wiki nzima. Sasa wameanza kuchoka, na mimi bado nipo.

Namshukuru kipa wangu, aliyekubali nimchukie. Namshukuru Afande, aliyenipa maneno machache wakati kila mtu ananipa mengi. Namshukuru mama yangu, ambaye ameketi pale na bado anasema hakupiga kelele. Nanyi pia nawashukuru, hata kwa yale maombi.

Ninalowaachia ni hili. Humu ndani tunapenda kusimulia kuinuka kwa mara ya kwanza. Tunapiga vigelegele, tunakunywa chai. Hakuna anayesimama kusimulia siku refa anaponyoosha mkono tena, wakati makofi yameisha na unajua maumivu yake yalivyo. Kuna mmoja wetu alisimama hapa mwaka jana, akashuhudia, sote tukalia kwa furaha. Mwezi huu ameanguka tena palepale alipoinukia, na tangu tuanze leo hajainua macho. Sitakutazama, usiogope. Hawa wengine nimewaburudisha tu, dada yangu. Wewe ndiye niliyekujia. Tukimaliza hapa usiondoke peke yako, nitakuwa mlangoni.