Mwalimu Ndunge na Ripoti Aliyoirudisha

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko dukani, mwambie mteja angoje kidogo. Leo tunamkumbuka Mwalimu Ndunge Masila wa Kitengela, mshauri wa wanafunzi, aliyefariki wiki tatu zilizopita akiwa na miaka arobaini na saba. Ndunge Masila. Wengi mlimjua. Wengi mlikaa kwenye kiti chake mkalia.

Tungeweza kusema alikuwa mwema, tukapiga wimbo, tukamaliza. Alikuwa mwema. Lakini aliacha agizo kwa binti yake, Kalunde, akiwa kitandani: "Wakinisifu, waambie wataje pia nilichofanya mwaka wa elfu mbili na nne. Kama hawawezi, wanyamaze." Basi tutataja.

Mwaka wa tisini na tatu, Ndunge alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Kitengela. Wakati huo ukitoka nje ya shule unaona pundamilia, sasa unaona ploti. Siku moja mwalimu mkuu alimwita ofisini.

"Mwalimu, tumeambiwa kila shule iwe na mwalimu wa ushauri nasaha. Ni wewe."

"Kwa nini mimi? Sijasomea hiyo kitu."

"Wewe ni mama. Inatosha. Shika ufunguo."

Ufunguo ulikuwa wa stoo. Ndunge alitoa mafagio na mipira iliyopasuka, akaingiza viti viwili. Hiyo ndiyo ilikuwa ofisi. Na kwa mwaka mzima aliwashauri watoto kama alivyowashauri wadogo zake: aliwaambia la kufanya. Kisha msichana mmoja akaja, akasema anaogopa kurudi nyumbani. Ndunge akamwambia arudi, akaombe msamaha. Kesho yake yule mtoto alikuja shuleni uso umevimba. Alimwangalia tu mwalimu wake.

Hapo Ndunge alijua kwamba umama hautoshi. Akarudi shule yeye mwenyewe.

Alianza na cheti, akisoma likizo. Kisha digrii, bado akisoma likizo, miaka na miaka. Mume wake, Masila, ambaye ni fundi katika kiwanda cha saruji, anakumbuka vizuri. "Likizo zote nilipika mimi," anasema. "Watoto walikuwa wakiniuliza, baba, hii chapati ni ya nchi gani? Kila moja ilikuwa na ramani yake."

Digrii ilimpeleka Ndunge shule ya sekondari ya kutwa, hapo hapo Kitengela. Mwaka wa elfu mbili na moja fimbo ikapigwa marufuku shuleni. Walimu wenzake walimcheka: "Haya, Madam, sasa fimbo ni wewe. Tutakuletea wote." Wakamletea wote, kweli. Ndiyo maana mwaka wa elfu mbili na tatu akaanza digrii ya uzamili katika ushauri, jioni na Jumamosi, Nairobi.

Sasa sikilizeni hapa, hasa ninyi vijana mnaouliza mtu anakuwaje mshauri. Masomo peke yake hayakutosha. Mpaka leo hakuna sheria inayomzuia mtu kubandika kibao mlangoni akajiita mshauri. Lakini Ndunge alitaka kutambuliwa na chama cha washauri wenyewe, wamkague, wamwandike. Chama kilitaka mambo matatu. Kwanza, shahada, ambayo tayari alikuwa nayo. Pili, mamia ya saa za kukaa na watu wenye shida, huku mshauri mkubwa akimsimamia. Tatu, ripoti ya mtu mmoja aliyemsaidia kweli, isomwe mbele ya jopo. Shahada, saa, ripoti. Na Kajiado palikuwa na kituo kipya cha jamii kinachotafuta mshauri aliyetambuliwa. Ndunge aliitaka ile kazi. Aliitaka sana.

Mwaka wa elfu mbili na nne, muhula wa kwanza, msichana wa kidato cha pili anayeitwa Naserian aliingia ofisini kwake, akakaa, akanyamaza. Alikuja mara tatu hivyo. Mara ya nne akasema.

Baba yake alikuwa ameuza shamba. Hakujua kusoma, kwa hivyo dalali alipoleta karatasi, alimwita binti yake, msomi pekee pale nyumbani. Naserian alisoma kila neno kwa sauti. Baba akaweka kidole. Kisha akamwambia: "Mama yako asijue." Mama yake, Nalangu, alikuwa akiendelea kujenga zizi jipya la ndama kwenye ardhi ambayo haikuwa yao tena. Kila jioni Naserian alimshikia miti.

"Mwalimu, nikimwambia nimemsaliti baba," alisema. "Nisipomwambia nimemsaliti mama. Sasa mimi niko upande gani?"

Ndunge hakumwambia la kufanya. Alikuwa amejifunza. Kwa wiki kumi walikaa pamoja, wakitafuta maneno ambayo Naserian mwenyewe angemwambia mama yake. Walifika karibu. Walichagua hata siku: Ijumaa ya kufunga shule.

Lakini tarehe ya ripoti ilifika kwanza. Ndunge aliandika kuhusu Naserian. Aliandika vizuri, kwa sababu alikuwa na mkono mzuri wa kuandika na alijua hivyo. Alibadilisha jina la msichana. Alibadilisha jina la shule. Kisha, ili jopo lione picha, akaandika kuhusu baba mwenye sikio lililoraruliwa na fisi, na zizi la ndama linalojengwa karibu na timbo la mawe. Kitengela na Kajiado nzima, wasikilizaji, ni mzee mmoja tu aliyekuwa na sikio hilo.

Ripoti ilisomwa kwanza darasani, Jumamosi, kama mazoezi. Wenzake walimpigia makofi. Kati yao alikuwepo Shemasi Wasike, mwalimu aliyepanga nyumba Kitengela. Mtu wa roho safi. Na kanisani alikaa safu mbili nyuma ya Mama Nalangu.

Jumapili ya wiki iliyofuata, wakati wa maombi, Wasike alisimama. Hakutaja jina. Alisema tu: "Wapendwa, tuombee familia moja hapa kwetu. Baba ameuza shamba, mama hajui, na mtoto wao ndiye aliyesoma karatasi."

Vichwa viligeuka. Kila mtu alimjua mzee asiyejua kusoma, na kila mtu alijua mtoto wake wa pekee anayesoma. Nalangu alikuwa amefumba macho akiomba. Alipoyafumbua, kanisa zima lilikuwa likimwangalia.

Jumatatu Naserian hakuja shule. Jumanne hakuja. Jumatano Ndunge alienda nyumbani kwao. Alimkuta Nalangu ameketi kando ya zizi lile.

"Takwenya," Ndunge alimwamkia.

Nalangu hakuitikia. Kuacha salamu hiyo ya Kimaasai bila kuitikia si jambo dogo.

"Umekuja kuandika ingine?" aliuliza. "Wasike ameniambia yote. Kalamu iko? Andika mama ni mjinga. Andika alikuwa anajenga kwa shamba ya watu."

"Mama Naserian, nimekuja kuomba..."

"Mtoto wangu angeniambia mwenyewe. Ameniambia hivyo akilia. Ilikuwa imebaki siku tisa. Wewe umechukua hiyo mdomo yake ukapeleka Nairobi."

Ndunge alirudi nyumbani akajifungia chumbani. Masila alidhani mtu amekufa. "Alikuwa anaona haya hata kwangu," anasema. "Alizima taa ili nisimwone uso. Nikamwambia, Mama Kalunde, kosa ni la Wasike. Akaniambia, Wasike alibeba. Mimi ndiye nilimpa."

Tena, jambo la kumtesa zaidi: jopo, lililosomewa ripoti kabla ya Jumapili ile, halikujua lolote. Wiki hiyo hiyo alipokea barua. Ripoti yake ilikuwa imepita, na ya kwanza kwa alama. Alibakiza kuweka sahihi tu atambuliwe, na kazi ya Kajiado ingekuwa yake.

Aliipeleka barua kwa msimamizi wake, Bi. Zipporah, mama mkali aliyewafunza washauri wengi.

"Huyu msichana alikuruhusu umwandike?" Zipporah aliuliza.

"Nilibadilisha jina."

"Sijauliza jina."

"Ni mtoto, Madam. Sikufikiria kumwuliza."

"Ndunge, hukufikiria? Ama uliogopa angekataa?"

Ndunge aliikunja ile barua. Miaka kumi na moja alikuwa amewaambia watoto kwamba pale chumbani hakuna jibu la aibu. Sasa alikuwa na la kwake.

"Niliogopa angekataa," alisema.

Aliandika barua kwa jopo siku hiyo hiyo. Aliirudisha ripoti, akaeleza alichofanya, hakumtaja Wasike. Jopo lilifuta ripoti na saa zote zilizohusu kesi ile, likamwongezea mwaka mzima wa kusimamiwa. Kazi ya Kajiado alipewa mwingine. Walimu wenzake walisikia. Wazazi walisikia. Muhula mzima hakuna mwanafunzi aliyegonga mlango wake. Alikaa humo kila siku saa ya mapumziko, mlango wazi, akitazama kiti kitupu. Mwalimu mmoja alimwambia, "Si ufunge tu, Madam, uje unywe chai." Akajibu, "Mtu akija akute nimefunga?"

Naserian alikuwa amepelekwa Kimana, kwa shangazi, ambako alichambua vitunguu. Shule alikuwa ameiacha. Wakati wa likizo, Ndunge alienda Kimana. Alimkuta kwenye kibanda, amezungukwa na magunia. Walikaa pamoja kutoka asubuhi hadi mchana. Shangazi anasema aliwaona wote wawili wakichambua vitunguu, na hakujua nani analia kwa sababu ya nini.

Januari iliyofuata Naserian alirudi shule. Shule nyingine, si ile. Shamba halikurudi. Nalangu alibomoa zizi kwa mikono yake.

Ndunge alitambuliwa na chama mwaka wa elfu mbili na saba, kwa ripoti nyingine, ya mzee aliyeruhusu kila mstari baada ya kusomewa mara mbili. Kila mshauri mchanga aliyekuja kusimamiwa naye, Ndunge alimwambia siku ya kwanza: "Mimi nilitoa siri ya mtoto ili nipite mtihani. Sasa tuanze kazi." Wengine waliona anajidhalilisha. Hakuacha.

Na sasa haya yetu sisi. Kipindi hiki tulikiandika chote kabla ya kumtafuta Naserian. Tulikuwa tumebadilisha jina lake, tukaona tumefanya vyema. Ni Kalunde aliyetuuliza, "Mmemwuliza mwenyewe?" Hatukuwa tumemwuliza. Tulipompata, leo ni msichana wa miaka ishirini na mmoja, alisoma karatasi zetu zote polepole mpaka mwisho. Kisha akasema: "Tumieni jina langu. Na mama amekubali. Lakini tulichoongea Kimana, hapana. Hicho ni changu na Mwalimu."

Tulikuwa na ukurasa mzima juu ya mazungumzo hayo, tulioubuni kutokana na maneno ya watu. Tumeuchana.

Kwa Mzee Masila, kwa Kalunde na ndugu zake, na kwa walimu wote waliofanya kazi na Ndunge: poleni sana. Mungu awatie nguvu mkiwa katika nyumba hiyo iliyopungua. Kwako wewe msikilizaji, kabla hujalala leo, fikiria ni jambo la nani ulilolisimulia kwa nia njema, na kama yeye alijua. Ukimkumbuka, usitupigie sisi simu. Mwendee yeye.