Namba Inayongoja Kuandikwa Kiooni

Mgeni rasmi, ambaye ndiye Profesa wetu; Daktari Mkuu, wauguzi wa wodi ya damu, na nyinyi watoto mlioruhusiwa kutoka vitandani kwa sharti la kutokimbia:

KARIBU

Karibu sana, ingawa ni kichekesho kumkaribisha mtu kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Sisi ni wazazi wa watoto wenye selimundu na magonjwa mengine ya damu. Tunajiita Akina Mama wa Kioo, kwa sababu kazi yetu ni kukaa nje ya kioo cha chumba cha kupandikizia, tukiangalia. Akina baba wamo wawili, na jina wamelizoea.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, ulianza miaka thelathini na moja iliyopita na darubini moja kwenye korido, jirani na mlango wa chumba cha kufulia. Siku hizo tuliambiwa mtoto wa selimundu hafiki mbali, tusihangaike kumtafutia shule. Wewe ukachunguza damu za watoto wetu mwaka baada ya mwaka, hadi ukajua nani huumia lini na kwa nini. Watoto wakakuita Bibi Darubini. Kwa mengine waliyokuita ulipowachoma sindano, tunaomba radhi.

Kisha ukaenda kusomea upandikizaji: kuchukua seli shina za ndugu mzima, ambazo sisi tunaziita mbegu za damu, na kumpa mgonjwa. Mtoto wa kwanza alitutoka. Ulikaa sakafuni na mama yake hadi adhuhuri. Mama huyo yumo humu leo, na chai mtakayokunywa kaipika yeye.

MAFANIKIO

Watoto kumi na wanane wamepandikizwa. Kumi na sita wako hai. Wa pili kupandikizwa sasa ni fundi wa kuchomelea mageti, na anakula kama watu wanne.

Hatuwezi kuruka habari ya kioo. Kila asubuhi wewe huandika juu yake, kwa nje, idadi ya chembe nyeupe za mtoto, tena huiandika kinyume ili yeye aisome akiwa ndani. Mwenzetu mmoja, kwa kuwa tulihimizwa kupangusa kila kitu kwa dawa, alipangusa na kioo. Namba za siku kumi na moja zikaenda na kitambaa. Alilia, jamani! Wewe ukamwambia, "Mama, umepangusa vizuri. Chembe zenyewe hukuzigusa." Ukaziandika zote upya kutoka kichwani, kinyume vilevile. Mwenzetu huyo ndiye anayewasomea risala hii.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, unastaafu leo saa kumi jioni. Changamoto ndiyo hiyo. Tulikuwa na nyingine nne, tukazifuta.

Tumesikia vyumba viwili vya kupandikizia vinatafutiwa kazi ya stoo, na daktari uliyemfundisha kwa mkono wako hajapewa barua ya ajira. Daktari Mkuu, utusamehe, hapa tunakuangalia wewe.

MAOMBI

Vyumba vibaki vyumba. Daktari apewe barua yake. Nawe, Profesa, uwe unapita kutusalimia, hata kama ni kutugombeza tu.

Ombi la mwisho wenzangu wameniruhusu nilisome kwa "mimi". Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Binti yangu wa miaka saba yuko chumba cha kwanza, siku ya kumi na tisa tangu apewe mbegu za kaka yake. Ulitufundisha kwamba chembe zikipita mia tano siku tatu mfululizo, mbegu zimeshika. Juzi zilikuwa mia tano arobaini. Jana, mia sita na kumi. Risala ilipochapwa majibu ya leo yalikuwa hayajatoka, kwa hiyo hapa tuliacha nukta nukta. Nimejaza kwa kalamu saa tatu asubuhi, mwandiko mtausamehe: mia nane na ishirini.

Zimeshika! Nimepumua, Profesa. Wallahi nimepumua.

Lakini kioo hakijaandikwa. Muuguzi alipotaka kuandika, binti yangu akageukia ukutani, akasema, "Hiyo ni kazi ya Bibi Darubini, mimi nangoja." Basi keki nayo ingoje. Twende kwanza kwenye kioo. Kalamu hii hapa, na kitambaa nimekiacha nyumbani.

Mungu akupe uzee mwepesi na magoti yasiyouma, na kila mlango utakaobisha ufunguliwe na mtoto mzima.

Ni sisi,
Akina Mama wa Kioo,
pamoja na akina baba wawili.