Siku Mounira Alimuuma Liévin

Munanichokesha na hii habari. Muntu anataka kwenda kuchota maji yake, munamuvuta kikwembe: «Nyanya, tuambie.» Haya, nipeni kiti.

Asani anauza kawa ya moto pa kona moja ya Kampemba, na benchi iko pale ya bale banakuyaka kila asubuhi. Binti yake akienda Kasumbalesa, ku mupaka, kutafuta bidhaa, anamuachia mujukuu, Mounira. Miaka ine, na hata neno moja bado. Asubuhi ile mutoto alimuuma Liévin, ule wa karatasi za malori ku forodha, benye benchi banamuita Duane. Alimuuma mpaka damu, akajitupa chini, anapiga kichwa ku udongo. Asani akaacha kawa inamwangika, akamushika kichwa na mikono mbili.

— Ni televizio, alisema Doudou, muuza viatu. Inamumeza maneno.

— Televizio ya wapi? Kwa Asani hakuna hata taa! alisema Adrien, mwengine wa benchi. Mama yake alivuka mupaka na tumbo. Maneno ilibakia ku duane, inangojea muhuri.

— Basi Liévin aende kuitosha kule, njo kazi yake! alisema Doudou.

Balicheka. Liévin hakucheka.

— Ule mutoto iko na pepo mubaya. Papa Asani, usimulete tena hapa. Ao siye tunaenda kunywa kwa mwengine.

— Nitamuacha wapi, Liévin?

— Mu nyumba. Funga mulango.

Asani alikuwa anawaza ile kufuli, na mutoto asiyeweza hata kuita jirani.

Bibi mumoja mugeni, Christiane, alikuwa anangojea kikombe chake. Akauliza:

— Ba papa, mbele ya kuuma, alikuwa anaomba nini?

Bote balimuona mutoto akivuta suruali ya Liévin, mara moja, mara ine. Bote balimusikia Liévin akijibu: «Sema kwanza! Hapa bantu banasema.» Njo muchezo balikuwa banamufanyia kila siku. Lakini alikuwa anaomba nini? Hata mumoja hakujua.

— Simama, Liévin, alisema Asani, akiangalia ile suruali.

Akasimama. Chini ya makalio yake kulikuwa kitambala cha mama ya mutoto, kile Mounira analalaka nacho mama akiwa safari. Mutoto akakinyakua, akafunika nacho pua, akatulia.

Mutoto bado hasemi, musiniulize. Liévin, Asani hakumulipisha hata franga. Alimuambia tu: utakunywa kawa umesimama, mpaka mutoto mwenyewe akukalishe. Duane akasimama siku kumi na tisa, mu jua na mu vumbi, Doudou anamuchokoza. Siku ya makumi mbili Mounira akapiga benchi na kiganja. Liévin akakaa pa ncha kabisa, nusu ya makalio inje.