Mwanvua Ramazani: Miaka Thelathini Kati ya Tokyo na Beijing

Tarehe 30 Juni 1999, saa kumi na moja jioni, Bi Mwanvua Ramazani atakabidhi funguo za maktaba ya Kituo cha Mafunzo ya Asia ya Mashariki, baada ya kukitumikia kwa miaka thelathini na mwezi mmoja. Jarida letu hutoka kwa Kifaransa na Kiholanzi. Safari hii mhariri ametoa ukurasa mmoja wa Kiswahili, kwa sababu mstaafu aliomba asifiwe kwa lugha ambayo ataweza kuikagua mwenyewe.

Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, mwaka 1938. Alifika Brussels mwaka 1966 pamoja na mumewe, marehemu Mansour, aliyekuwa dereva wa ubalozi. Mei 1969 aliajiriwa hapa kama mfagizi, Kituo kikiwa bado na vyumba vinne tu karibu na stesheni ya treni ya Gare du Nord.

Mwaka 1974 mtunza nyaraka wetu aliacha kazi, na hakuletwa mwingine. Magazeti ya Beijing na Tokyo yakarundikana sakafuni hadi mlango wa maktaba ukawa haufunguki vizuri. Ili afagie, ilimbidi ayahamishe. Na ili ayahamishe, ilimbidi ajue yanakwenda wapi. Alianza kwa kutambua tarehe, akaendelea na majina ya magazeti, kisha vichwa vya habari. Alinunua daftari la hesabu lenye miraba, akawa anaandika herufi moja katika kila mraba na maana yake kwa Kiswahili pembeni. Maana hizo alizipata kwa kumwuliza kila mtafiti aliyepita kuchukua kahawa. Kufikia mwaka 1980 madaftari yalikuwa sita. Hakuwahi kuzungumza Kichina wala Kijapani. Alivisoma kama dereva anavyosoma alama za barabarani, na mara chache sana alipotea.

Alipotea mwaka 1976, alipoweka gazeti la Taipei, mji wa mahasimu wa Beijing, kwenye rafu ya Beijing. Mgeni kutoka Beijing aliliona, akakataa kahawa, akaondoka. Mwanvua hukitaja kisa hicho kila anapompokea mfanyakazi mpya, na hajawahi kumtupia mwingine lawama.

Watafiti wetu walipima nguvu za nchi hizo mbili kwa takwimu; yeye alizipima kwa rafu. Mwaka 1989 habari za Japani zilijaza kabati tatu na nusu, na za Uchina kabati moja na nusu. Wakati huo karibu kila ripoti tuliyochapisha ilisema kwamba uongozi wa Asia umekwisha kupata mwenyewe, naye ni Tokyo. Mwaka 1992 Mwanvua aliandika ombi la kabati mbili zaidi za Uchina. Ombi lilikataliwa kwa kukosa sababu za kitaalamu. Kabati zilinunuliwa mwaka 1995.

Mwaka 1994 wajumbe wa Japani walilalamika kwamba katika kila mkutano wanakaa baada ya Wachina, kwa kuwa alfabeti ya Kifaransa inatanguliza Chine kabla ya Japon. Kiholanzi hakikusaidia, wala Kiingereza. Mwanvua, aliyekuwa akipanga vibao vya majina mezani, alisema kwamba kwa Kiswahili Japani hutangulia Uchina. Tangu siku hiyo wageni wetu hukaa kwa Kifaransa asubuhi na kwa Kiswahili mchana. Hakuna aliyelalamika tena.

Tukio ambalo wengi wetu tutamkumbukia lilitokea Oktoba 1997. Sarafu za Thailand na Indonesia zilikuwa zimeporomoka. Japani ilikuwa imependekeza mfuko wa Asia wa kuokoa majirani. Marekani ilipinga, na Uchina haikuuunga mkono. Kituo kiliwaalika wataalamu watano kutoka kila upande, wakiongozwa na Profesa Shen wa Beijing na Profesa Morikawa wa Tokyo, waandike waraka mmoja wa pamoja kwa siku tatu. Mikutano miwili ya aina hiyo ilikwisha kuvunjika tangu mwaka 1995, Uchina ilipojaribu mabomu ya nyuklia na Japani ikasimamisha sehemu ya misaada yake. Mkurugenzi wetu, Bwana Vanhoucke, alituambia wazi kwamba hakutakuwa na mwaliko wa nne.

Siku ya pili, Wajapani walileta rasimu kwa Kifaransa na Kijapani. Ile ya Kifaransa ilisema kwamba Japani iko tayari kuchukua hatua ya kwanza. Profesa Shen alichukua ile ya Kijapani, ambayo herufi zake nyingi, zenye asili ya Kichina, alizisoma bila mkalimani, akaweka kidole juu ya herufi mbili. Alisema kwamba kwa Kifaransa Japani inajitolea, lakini kwa Kijapani inatawala; kwamba kuna waraka wa kuwaonyesha Wazungu na waraka wa kupeleka nyumbani. Profesa Morikawa alijibu kwamba ametukanwa. Wachina wakaanza kukusanya makaratasi yao.

Mwandishi wa mistari hii, aliyekuwa mlangoni akigawa nakala, alimwona Mwanvua, aliyeziona herufi hizo alipokuwa akimimina kahawa mezani, akitoka maktaba na daftari moja na magazeti mawili. Kanuni ilikuwa inajulikana: wahudumu hawasemi katika kikao. Nilimshika mkono.

“Maman, acha. Batakufukuza.”

“Bon, Crispin, wanifukuze,” alisema. “Lakini gazeti ninalo mukononi.”

Aliingia. Alimwekea Profesa Shen gazeti la Tokyo, akamwonyesha herufi zilezile mbili katika habari ndogo ya ukurasa wa mtaa, kisha akasema kwa Kifaransa, bila kupandisha sauti:

“Bwana Profesa, hapa ni wazazi wa shule. Wameanza wao kufagia barabara, majirani wakafuata. Neno ni hilihili. Sidhani kama wanataka kuitawala barabara.”

Kisha akamwekea Profesa Morikawa gazeti la Beijing, ambamo herufi hizohizo, moja ikiwa imepunguzwa mistari, zilitumika kwa nguvu inayoamua mwenendo wa mambo yote. Alimwomba aone jirani yake anachokiona. Akatoka.

Profesa Shen aliisoma habari ile yote, akampa msaidizi wake naye aisome. Hatimaye alisema kwamba neno amelielewa, lakini Wajapani nao waelewe kwa nini majirani zao wanalisoma namna ile, kwa kuwa majirani hao walilijifunza vitani, siyo kwenye magazeti. Profesa Morikawa aliomba kalamu, akaifuta sentensi mwenyewe.

Tusikuze mambo. Waraka ulipangwa uwe na kurasa kumi na mbili. Ulitoka na saba. Suala la nani aongoze Asia halimo. Mwaka uliofuata Beijing ilisifiwa kwa kutoshusha thamani ya sarafu yake, Tokyo ikatangaza mpango wake wa mikopo, na mnamo Novemba pande hizo mbili zikabishana upya juu ya historia na namna ya kuomba radhi. Mwanvua mwenyewe alisema kwamba neno lile lilikuwa homa tu, siyo ugonjwa. Lakini kurasa saba zilitiwa saini, na wanne kati ya wale kumi bado wanaandikiana.

Bwana Vanhoucke hakumfukuza, wala hakumshukuru. Februari 1998 ilikuja barua iliyombadilisha cheo kutoka mhudumu kuwa mtunza nyaraka mkuu, kazi aliyokuwa akiifanya kwa miaka ishirini na minne. Aliisoma, akairudisha. Jina lake lilikuwa limekosewa herufi moja. Nakala sahihi ilifika baada ya siku mbili.

Nami nina deni la kukiri hapa. Siku ile sikumshika mkono kwa ajili yake peke yake. Niliogopa kuulizwa kwa nini nilimpitisha mlangoni.

Wenzake tulikusudia kumpa safari ya Beijing na Tokyo, kwa kuwa hajawahi kukanyaga Asia. Alishukuru, akasema kwamba Asia ameisoma, inamtosha. Aliomba tiketi ya Bujumbura. Vita vya huko havijaisha, lakini vikwazo vya nchi jirani vimesimamishwa tangu Januari, na tarehe 9 Julai ataondoka kupitia Nairobi. Huko Buyenzi anangojewa na dada yake mkubwa, ambaye hawajaonana naye tangu mwaka 1992. Dada huyo haoni vizuri tena. Barua za Brussels za miaka saba amesomewa na majirani, kila mmoja kwa haraka zake. Sasa ameziweka zote mahali pamoja, ili asomewe upya na aliyeziandika.

Maman Mwanvua, asante kwa yote. Safiri salama, ufike salama, ukae na wako kwa afya na utulivu, na miaka iliyobaki iwe mingi na myepesi.

Crispin, chumba cha nakala