Chombo Nilichokilaza Majini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nawasalimu ninyi wa kanisa la Bondeni, mliotupakia mimi na mke wangu Tabitha kwenye lori la mahindi siku ile tulipoondoka Nakuru. Mmeniomba nieleze jinsi Mungu alivyotuokoa Krismasi iliyopita kule kisiwani. Nitaeleza kwa utaratibu, maana jambo lenyewe halihitaji kupambwa.

Kazi yangu ya zamani mnaijua. Huko Mau Narok, katika shamba la ngano la mzungu mmoja, nilikuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni ya maksai. Shule sikwenda. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa Biblia na kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari. Watoto wetu walipokwisha kuoa na kuolewa, kanisa likatutuma Ziwa Baringo, kwenye kisiwa chenye mawe meusi na chemchemi za maji yanayochemka. Baadhi yenu mlisema tumezeeka mno. Tabitha aliwajibu kwamba Sara alikuwa mzee zaidi, na akapewa kazi nzito zaidi.

Sisi tuliozoea baridi ya Mau tulikuta joto ambalo halipungui hata kivulini. Watu walikuwa wapole. Walituamkia, walituletea samaki, waliketi wakasikiliza mahubiri hadi mwisho, kisha wakarudi kwa mbuzi wao. Hakuna aliyepinga neno, na hakuna aliyeuliza neno. Mvua zilikuja zikaenda, na hatukubatiza hata mtu mmoja.

Jirani yetu aliitwa Lekuraa, mvuvi na mfugaji. Yeye ndiye aliyenitengenezea chombo cha kuvukia. Vyombo vya kule havichongwi kwa gogo. Hufungwa kwa miti myepesi sana inayoota kando ya ziwa, na mtu hupiga maji kwa vibao viwili vidogo anavyoshika mikononi. Nilikitunza chombo changu kama nilivyofundishwa na kazi yangu. Fundi wa magurudumu anajua kwamba mbao ikiachwa juani hunywea, pete ya chuma hulegea, na gurudumu huvunjikia njiani. Kwa hiyo gurudumu hulazwa mtoni, mbao inywe maji na kukaza tena. Basi kila jioni nilikifunga chombo kwa kamba ya ngozi ya ng'ombe, nikakisukuma kilale majini, nikakimwagia maji sehemu za juu kwa kata, kisha nikafumba macho na kuomba sala ya jioni papo hapo. Siku zilivyokwenda kikazidi kuwa kizito. Nilidhani ni mikono yangu inayozeeka.

Krismasi ikakaribia. Tabitha alikuwa ameweka akiba ya unga wa ngano, akitaka kila mtu kisiwani ale mandazi. Kabla ya sikukuu homa ikamwangusha. Dawa yetu ya kwinini ilikuwa imekwisha. Asubuhi ya Krismasi aliniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, na mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Nikajua kwamba asipofika dispensari ng'ambo siku hiyo, nitamzika kwenye mawe yale.

Nilimbeba hadi ufukweni, nikamlaza chomboni, nikasukuma. Ndugu zangu, tulikuwa bado karibu na nchi kavu wakati maji yalipomfika mabegani. Nilipiga vibao kwa nguvu zangu zote. Chombo kilizama polepole chini yetu, kama ng'ombe anayelala. Nikaruka, nikamburuta mke wangu hadi kwenye mawe, nikapiga magoti na kumuuliza Mungu alituleta huku kwa nini. Sikuomba kwa adabu. Nasema kama ilivyokuwa.

Lekuraa alikuja akikimbia. Alimgusa Tabitha shingoni, kisha akashika ncha ya chombo changu, akaiinua kidogo, akaiachia.

"Hiki kimeshiba maji," akasema. "Miti hii inakunywa kama ngamia. Ukitoka ziwani unailaza juani ikauke."

Nikamwambia habari ya magurudumu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo, naye akinipita kila jioni.

"Tulidhani ni dini, mzee. Unakipeleka majini, unakimwagia maji, unafumba macho. Si ndivyo ulivyotufundisha, kwamba mtu wa Mungu huingizwa majini? Tukasema, huyu amekosa watu, anabatiza chombo. Nani atamkataza mzee ibada yake?"

Ndugu zangu, saa ile sikuwa na nafasi ya kulifikiri neno hilo. Nimelifikiri tangu hapo.

Alimwita ndugu yake. Wakaleta vyombo viwili vilivyokauka, vyepesi kama manyoya, wakavifunga pamoja kwa kamba yangu ya ng'ombe na kumlaza Tabitha katikati. Nilipotaka kupanda, ncha ya kamba ikiwa bado mkononi mwangu, Lekuraa alinizuia.

"Wewe ni mzito, utatuzamisha. Nipe mimi kamba."

"Nitajuaje?"

"Nitawasha moto. Ukiona moshi ng'ambo, amefika akiwa na pumzi."

"Na nisipouona?"

"Utaniona mimi nikirudi."

Nilikuwa nimewahesabu watu hawa kuwa wasiomjua Mungu. Sasa nilitakiwa kuweka mikononi mwao kitu pekee nilichokuwa nacho duniani, nami nibaki nimesimama. Nikaiachia kamba. Sala yangu ilikuwa fupi: Bwana, anakwenda mahali mkono wangu haufiki. Hofu haikuondoka. Lakini kitu kililegea ndani yangu, nikaweza kukaa chini.

Kisha wakaja. Wanaume, wanawake na watoto walikuja wakaketi nami pale kwenye mawe, kwa sababu desturi yao haimwachi peke yake mtu ambaye mgonjwa wake yuko majini. Nasieku, mkewe Lekuraa, aliukuta ule unga wa ngano akaupika uji. Tukanywa uji wa Krismasi. Sikuhubiri. Nilikuwa natazama ng'ambo tu.

Mzee mmoja, ambaye hakuwahi kunisemesha zaidi ya salamu, aliuliza, "Huyo mtoto wa sikukuu yenu, mama yake naye alikuwa mgeni mahali pale?"

Nikamwambia ndiyo, walikuwa wageni, na nyumba zote zilikuwa zimejaa, wakalazwa penye mifugo.

"Mbuzi?"

"Pengine na mbuzi."

"Basi hakupata baridi," akasema, na wanawake wakaafikiana naye. Mmoja akauliza nani alimpokea mtoto. Mwingine akauliza kama wenyeji walimletea mama chakula. Lilikuwa swali juu ya swali. Nilijibu niliyoyajua, na nisiyoyajua nikasema siyajui. Mahubiri yangu yote ya nyuma hayakuwa yamefika mahali maneno yale yalipofika.

Jua lilikuwa limeanza kuinama watoto walipopiga kelele. Ng'ambo, mwembamba kama uzi, moshi ulikuwa unapanda. Bwana asifiwe! Nililia mbele ya watu wote, na Nasieku akaniambia ninywe uji, unapoa.

Tabitha alipona. Mnamwona ameketi pale mbele, na akitoka hapa atawaambia kwamba nimesahau nusu ya habari. Tutarudi kisiwani baada ya mvua hizi. Wanaokuja kuketi nasi sasa huja na maswali, nasi pia tumejifunza kuwauliza. Jioni chombo changu hulala juani, na Lekuraa akipita husema, "Leo hakuna ubatizo?"

Namshukuru Mungu aliyeniokoa kwa mikono ya watu niliodhani nimetumwa kuwaokoa. Nawe uliyeketi hapa na mzigo ulioushika kwa nguvu zako, ukiogopa kuuachia, siwezi kukuahidi kwamba hutaogopa. Nakuambia nilichokiona kwa macho yangu. Iachie kamba, keti pamoja na watu, utazame ng'ambo.