Leo Tumpe Chelangat Mgongo

Bwana Chifu Kipyegon, Mchungaji Zacheus, Sista Rebeccah Atuti, wazee mliotoka Siongiroi, akina mama wachuma chai, na ninyi watoto mliopanda juu ya ua ingawa mmekatazwa: hamjambo nyote.

Mmeambiwa msipige makofi. Bwana Chifu ameniuliza kama hotuba yangu ni mbaya kiasi hicho. Hapana, mzee. Yuko mgeni ambaye makofi humuumiza kuliko hotuba mbaya. Ameketi pale nyasini, anazungusha kifuniko cha mkebe wa chai. Ni Chelangat, binti wa Chepkemboi, mwenye miaka saba.

Mnajua desturi ya hapa: mtoto akizaliwa, akina mama huita majina ya waliotangulia, na jina analolipigia chafya ndilo lake. Chelangat alikua bila kuitika na bila kusema. Nyanya yake, kwa mapenzi tu, akaamua kwamba walikosea jina. Wakakusanyika upya, ugoro ukaletwa, mtoto akapiga chafya, akapewa jina lingine. Kimya. Wakarudia. Alipoanza kugonga kichwa kwenye nguzo ya nyumba, wakatafuta jina jingine tena.

Je, wasomi tumcheke nyanya? Ngojeni kwanza. Chelangat alipelekwa kwa daktari mmoja, ambaye alimtaka atulie kitini. Hakutulia, akafukuzwa. Nyanya alijaribu tena na tena. Daktari hakujaribu hata mara moja. Ni nani kati yao aliyekuwa gizani?

Sista Rebeccah, muuguzi wetu, ndiye aliyewafuata nyumbani, akaketi sakafuni, akampa mtoto mgongo, akaweka tochi kando yake, akanyamaza. Chepkemboi alidhani sista amechoka nao. Chai ilipoa. Mwishowe Chelangat akaichukua tochi, akaiwasha, akammulikia sista sikioni. Ndipo sista akaomba zamu yake. Sikio la mtoto lilikuwa limejaa usaha! Alikuwa akigonga maumivu, ndugu zangu, na sisi tulikuwa tukitafuta majina.

Madaktari wa ng'ambo wameanza kuandika juu ya watoto wa namna hii. Hali yao huiita otizimu. Nimesoma nilichokipata. Wanabishana sana, na wengine huwalaumu akina mama, upuuzi ambao nitaujibu siku nikiwa na wino wa kutosha. Lakini katika niliyoyasoma, sijaona aliyeeleza mtoto asiyeweza kuonyesha panapouma atibiwe vipi jino, sikio au malaria. Tuliiomba afisi ya afya igharimie uchunguzi wa jambo hilo. Tukajibiwa kwamba watoto hao ni wachache mno. Waliwaona wapi, ikiwa wamefichwa majikoni?

Basi mkaugharimia wenyewe. Maziwa ya kila Alhamisi, mafahali wa Siongiroi, na vikapu vya mahindi vya watu wasio na ng'ombe ndivyo vilivyojenga chumba hiki cha matibabu tunachokifungua leo, na ndivyo vitakavyomlisha sista akizunguka nyumba kwa nyumba, akitazama, akijaribu, akijifunza kinachofaa na kisichofaa, kisha akiwafundisha wauguzi wengine. Wakubwa wakitaka kujua uchunguzi ni nini, waje Kericho tuwaonyeshe!

Tangu sikio lipone, Chelangat anacheka mpaka majirani wanacheka naye. Jambo moja limebaki. Tangu kile kiti cha daktari, hajakanyaga ndani ya mlango wowote wa matibabu, hata huu. Asipoingia yeye, tumejenga kuta tu.

Kwa hiyo leo hatukati utepe. Mlango uko wazi. Nawaomba nyote mgeuke, Bwana Chifu pamoja na kofia yake, tumpe Chelangat mgongo kama sista alivyofanya. Tuitazame chai kule bondeni. Hakuna kumwita kwa jina lolote.

Tungoje.

Mmesikia? Kifuniko kinalia juu ya saruji, na saruji iko ndani tu.

Usigeuke, Mama Chepkemboi. Futa machozi hapo hapo ulipo.

Mmenisikiliza vya kutosha, asanteni sana. Sasa msikilizeni yeye.