Mashine ya Kirumba Inalia

Ukipanda njia ya udongo inayotoka soko la Kimemi kuelekea kanisa la Waprotestanti, utakuta benchi mbele ya kibanda cha fundi. Usilidharau. Mbao zake ni za kasha lililoleta fotokopi moja ya zamani sana mjini Butembo, na mpaka leo zina neno HAUT, yaani juu kwa Kifaransa, na mshale. Aliyelipiga misumari aliukosea mshale ukaelekea chini, na wenye benchi wanasema kazi yao iliufuata huohuo. Hao wenye benchi ni watatu, wote mafundi wa mashine za ofisi, wote wameota mvi kazini. Kuna Vagheni, anayeitwa Ronéo kwa sababu alianza ujana wake akizungusha mkono wa mashine ya stensili misheni. Kuna Gérard, anayeitwa Courant kwa sababu kila ugonjwa wa mashine anausingizia umeme. Na kuna mwenye kibanda, Sikuli, ambaye watu wanamwita Masikio. Kavira ndiye anayewauzia kahawa ya tangawizi, naye husimama, maana benchi halijawahi kumpa nafasi.

Jina la Masikio lilitoka Beni. Siku hiyo Sikuli alipita barabarani chini ya dirisha la ofisi moja, akasikia mashine za taipu zikipiga, akaingia bila kuitwa na kusema moja yao ingekatika kamba kabla ya jioni. Ilikatika. Tangu hapo alitafutwa kutoka Beni mpaka Luofu. Barabara zilipoharibika, kwa mvua na kwa mambo mengine ambayo hapa hakuna asiyeyajua, mafundi waliacha kusafiri na dawa ikawa simu. Mteja anaiweka simu karibu na mashine yake, sauti inafika benchini, Ronéo na Courant wanabishana, halafu Masikio anatoa hukumu.

Sasa nikuambie kitu ambacho benchi halikukijua. Masikio alikuwa hasikii. Mwaka jana mchungaji mmoja mzee alimletea mashine yake ya taipu. Sikuli aliandika mpaka mwisho wa mstari, kengele haikulia. Akabadilisha springi, kimya. Akabadilisha kengele yenyewe, kimya. Ndipo Kavira alipopita na termosi akamwambia, «Papa Sikuli, ile kengele utaigonga mpaka saa ngapi? Kichwa inatuuma.» Sikuli aliingia ndani ya kibanda akakaa peke yake, akalia kidogo. Sauti nene bado alizipata. Zile nyembamba, ambazo ndizo zilizomlisha, zilikuwa zimeondoka bila kuaga.

Hakumwambia mtu. Fundi anayeitwa Masikio atamwambia nani? Akajifunza ujanja: awaache wenzake wabishane kwanza, apime maneno yao, ndipo ahukumu. Ujanja ulimsaidia kwa muda. Lakini siku za karibuni hukumu zake zilikuwa zinakwenda kombo, naye alishindwa kuelewa sababu.

Asubuhi hiyo mabishano yalikuwa juu ya kazi yenyewe, nani ameiua.

— Ni courant, alisema Courant. Zamani jenereta, ile groupe, ilikuwa inawaka, inazima, inaruka. Kila juma fotokopi moja inaungua. Leo courant inakuya imenyooka. Mashine itagonjwa na nini?

— Donc weye unalilia courant mubaya? aliuliza Ronéo.

— Ninalilia kabisa! Courant mubaya njo ilisomesha batoto bangu.

— Hapana courant, ndugu yangu. Ni vis, ile misumari ya kuzungusha. Mashine ya leo haina vis. Unaigeuza, unaigeuza, unatafuta fasi ya kuingiza tournevis, hakuna. Bale benye kuitengeneza balifunga mulango na benyewe babakia ndani.

— Babakia ndani banakula nini?

— Banahesabu! Muko calendrier mule ndani. Siku ikifika, mashine inajiua. Na ukiigusa na tournevis, inatuma message kwabo Ulaya.

— Hata bafanye vile, karatasi yenyewe itaisha. Angalia, faire-part ya ndoa, ile barua ya kualika, inakuya ku téléphone. Kesho mutu atakufa na atatuma communiqué ya kifo yake ye mwenyewe.

Kavira alicheka mpaka akamwaga kahawa.

— Miye ninakumbuka kelele, alisema Sikuli polepole. Unafika Beni asubuhi, unapita pembeni ya bureau, mashine zinaongea. Unajua ni secrétaire gani mwenye kuandika, na kama amegombana na bwana yake nyumbani, unajua.

— Na sisi misheni, juma ya Pasaka! alidakia Ronéo. Nyimbo za kanisa nzima, mukono unazungusha, wino mpaka ku kiwiko. Batu banaimba na karatasi ingali mubichi, banarudia nyumbani na vidole vyeusi.

Sikuli alizitamani zile kelele kwa uchungu, akainama kwenye kikombe chake wasimwone uso.

Hapo ndipo lori la maharagwe liliposimama. Mwanamke mmoja akashuka, vumbi mpaka kwenye kope, na vijana wa lori wakamshushia fotokopi iliyofungwa kwa kitenge katikati ya magunia.

— Papa Masikio ni nani? Miye ni Nadège, wa secrétariat ya Kirumba, fasi ya kupiga fotokopi.

Sikuli alimjua kwa sauti. Alikuwa amemhukumia kwa simu mara kadhaa. Kwanza walimwambia abadilishe mkanda, kisha gia. Mkanda ulibadilishwa, gia ikabadilishwa, mashine ikaendelea kulia.

— Nimesema niilete mwenyewe, muisikie vizuri. Barrières zote za barabarani nimezipita nayo. Ba directeur ba masomo banangojea examen za batoto. Na kwetu hakuna ingine. Kama hii inakufa, ninafunga mulango.

Wakavuta waya kutoka kibandani. Nadège akabonyeza, mashine ikaanza kumeza karatasi. Sikuli akaegemeza kichwa, akafumba macho kama ada yake. Alisikia mngurumo wa mota na mkwaruzo wa karatasi, basi. Akafumbua macho kwa hila na kumtazama Kavira. Kavira alikuwa ameweka termosi chini na kuziba masikio yake kwa mikono miwili, uso umekunjamana. Basi inalia, Sikuli akajiambia. Akangoja wenzake, kama siku zote.

— Ni jua, alisema Courant. Kirumba banatumia courant ya jua. Ile haina uzito. Mashine haishibe, iko inalia njaa.

— Njaa wapi! alisema Ronéo. Ni mududu. Kirumba ni maharagi tupu. Kadudu ka maharagi kameingia, kamejenga, kamezala.

— Kadudu kanalia vile?

— Kama kako na batoto, kanalia. Ao basi ni ukiwa. Hii mashine ilifanya kazi Ulaya myaka mingi, baliizoeza baridi. Iko inalilia kwabo.

Nadège alikuwa anamtazama huyu, kisha yule. Mashine iliendelea kutoa karatasi. Na Sikuli, ambaye hakuwa ameondoa jicho kwa Kavira, alimwona akishusha mikono yake, akapumua, akaichukua tena termosi. Sauti ilikuwa imekwisha.

— Sikia! alipaza Courant, kidole juu. Sikia sasa vile iko inalia!

— Hii njo imezidi, alisema Ronéo, akakunja uso. Inanikata masikio.

Sikuli aliwatazama rafiki zake wawili. Courant, aliyekaa ujana wake wote kando ya majenereta. Ronéo, aliyezungusha ile ngoma ya chuma mpaka usiku wa Pasaka. Nao pia! Akaelewa kwa nini hukumu zilikuwa zinakwenda kombo. Alikuwa amewaegemea watu ambao nao walikuwa wamemwegemea yeye.

— Ba papa, munisamehe, alisema Nadège kwa upole. Imenyamaza zamani. Ile sauti, nani kati yenu iko anaisikia?

Courant alishusha kidole chake. Ronéo alitazama ndani ya kikombe. Sikuli aliona lile jina lake la Beni linamdondoka mbele ya watu wote, akaogopa, na ndani ya ile hofu akachoka kuificha.

— Miye siko nasikia, mama, alisema. Tangu mwaka jana. Hata kengele ya machine à écrire ya ule mchungaji.

— Na miye, alisema Ronéo.

— Miye ni zamani sana, alisema Courant. Nilidhani muko munasikia nyinyi.

— Mais tulikuwa tunabishana juu ya nini? aliuliza Ronéo.

Kisha Courant akaanza kucheka, na wote watatu wakacheka mpaka machozi, na baadhi ya yale machozi hayakuwa ya kicheko. Nadège hakucheka. Alikuwa ameshika kitenge chake kwa mikono miwili.

Sikuli akajifuta macho, akamgeukia.

— Mama, ile sauti, itoe na kinywa.

— Papa?

— Ifanye. Polepole, na sauti ya chini, tuikamate.

Nadège akaona aibu, wapita njia walikuwa wamesimama. Halafu akawaza mlango wake wa Kirumba, akafungua kinywa na kulia kama mashine yake.

— Inakata ao inavuta? aliuliza Sikuli.

— Inavuta. Tsiiii, mpaka mwisho.

— Na ikipata moto inanyamaza, alisema Sikuli, akamtazama Kavira. Si vile?

— Njo vile, alisema Kavira. Karatasi zikianza kutoka na moto, inaacha.

Wazee walitazamana.

— Bague! walisema wote watatu kwa pamoja.

Ni kile kipete kinachoshika mhimili wa rola ya moto. Mafuta yake yalikuwa yamekauka, na yakipata joto yanalainika tena. Tangu benchi lijengwe, hapajawahi kutolewa hukumu bila ubishi. Sikuli alikuwa tayari amekwisha kuchukua bisibisi.

— Wasingya, aksanti, ba papa, alisema Nadège, akaketi juu ya gunia na kuvuta pumzi. Akafikiri kidogo, akauliza: Na siku nitaita tena kutoka Kirumba, nani atanisikiliza?

Sikuli alisimama na bisibisi mkononi. Ronéo alimtazama Courant, Courant akautazama mshale ulioelekea chini.

Kavira aliinamisha termosi juu ya kikombe cha Ronéo, likatoka tone moja la mwisho. Akaifunga. Akaiweka chini, akajipangusa mikono, akaja kusimama mbele ya benchi.

— Musogee kidogo, alisema.

Wakasogea.